Shampeni Hufuliwa kwa Maji Baridi

Ninyi watoto wa hapa Brooklyn Park, Minnesota, mnaosemeshwa Kiswahili mkajibu Kiingereza, leo someni mpaka mwisho. Neno likiwashinda, mwulizeni mama akiamka, maana najua ametoka zamu ya usiku na sitaki lawama zake.

Mimi nilifua nguo za timu ya besiboli ya hapa kwetu mpaka magoti yakasema basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu Marekani. Kanisani watu walipouliza nafanya kazi wapi, nikijibu kwamba nafua jezi uwanjani, walinitazama kwa huruma na kunipa namba ya mtu anayefundisha kozi ya kutunza wazee. Namba hizo ninazo nyingi. Sikumpigia hata mmoja wao, si kwa kiburi, bali kwa sababu nilikuwa nimeipenda kazi yangu na nilikuwa sijui jinsi ya kulisema hilo mbele ya akina mama waliovaa sare za hospitali.

Mkienda uwanjani mtaona ukuta wenye picha za historia ya timu. Yule aliyeshika kombe, yule aliyeaga mchezo akilia, siku ya kwanza ya uwanja mpya. Tazameni nguo zao, zote ni safi. Mnafikiri zilijisafisha? Historia ninayoijua mimi ililetwa kwa kapu la magurudumu ikiwa chafu na yenye jasho, na mimi nitawapa hivyo hivyo.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Walt, Mzungu wa Saint Paul, mrefu, mwenye maneno machache kama mtu anayelipia kila neno. Ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha kufulia. Siku yangu ya kwanza alinionyesha mashine, akanionyesha masinki, akanionyesha rafu ya sabuni, kisha akaniuliza kama ninajua kufua. Nikamwambia nimezaa watoto wanne Nyamira pasipo mashine. Akasema basi atanifunza yaliyobaki.

Yaliyobaki yalikuwa mengi. Udongo mwekundu wa pale uwanjani, kwa mfano, mtu asiyejua huulowesha mara moja, na kumbe ndiyo kuupandikiza. Uache ukauke, uupige brashi, ndipo maji yaje. Damu ni maji baridi na chumvi. Ukiitia maji moto umeipika, na damu iliyopikwa utazikwa nayo. Kofia haiingii mashine hata kama mwenyewe amekuomba kwa magoti. Mimi nilikuwa nafua kwa nguvu maisha yangu yote, na Walt akanifunza kungoja, jambo ambalo mama yangu hakuwa na nafasi ya kunifunza.

Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la shampeni. Inabidi niwaeleze, kwa kuwa mliozoea mpira wa miguu hamjui. Timu ya besiboli ikishinda mfululizo mkubwa wa mechi za Oktoba, wachezaji hurudi chumbani kwao wakamwagiana shampeni. Makabati hufunikwa kwa nailoni na watu wazima huvaa miwani ya kuogelea. Ni pombe ya kumimina, wala si ya kunywa. Niliposimuliwa mara ya kwanza nilidhani Walt ananitania, na nikataka kujua kwa nini wasimimine maji. Akajibu kwamba maji hayana sukari.

Sukari ndiyo kiini cha mambo. Shampeni ikimwagika kwenye nguo nyeupe huioni. Unaweza kuikunja nguo, ukailaza, nawe ukalala. Asubuhi sukari imegeuka manjano, na ukiipitisha kwenye joto inageuka kahawia, na hapo hata mwombe malaika. Kwa hiyo shampeni hufuliwa kwa maji baridi, siki kidogo na sabuni ya vyombo, siku hiyo hiyo, kabla hujafanya lolote lingine. Walt alisema mfuaji anayelaza shampeni afadhali akauze soseji nje.

Walt alikuwa ameifua. Zamani, kabla mimi sijafika nchi hii, timu ilitwaa ubingwa, na yeye alikuwa pale, kijana bado, akafua kapu baada ya kapu. Mimi nilifika baadaye, wakati wa ukame. Kila timu ilipofika Oktoba ilifungwa mapema, ikarudi nyumbani kimya kimya. Na Walt alikuwa na hamu moja tu. Aliniambia tukikunja soksi, bila kunitazama, kwamba anataka kuifua shampeni mara moja tena, halafu ataenda kupumzika.

Basi kila mwaka, majani ya miti yakianza kubadilika, tulifanya mazoezi. Walt alichukua jezi iliyochakaa, akaimwagia soda ya tangawizi, akanipa na kusimama nyuma yangu. Mimi, mwanamke ambaye kanisani kwao pombe ni mwiko, nilijifunza kutoa shampeni kabla sijaiona kwa macho. Nikimaliza, aliinua jezi kwenye taa akaikagua pande zote. Kisha timu ilifungwa, tukafua nguo za waliofungwa, ambazo hazina doa lolote la ajabu, na Walt akarudisha siki kwenye rafu.

Nimeruka mambo, ngoja nirudi nyuma. Tulianzia kwenye uwanja wa zamani, ule wa paa jeupe. Mvua haikuingia, jua halikuingia, na majani hayakuota. Chini walitandika zulia la kijani la plastiki, na mchezaji akijitupa juu yake lilimchuna kiwiko kama lami. Kwa hiyo kumbukumbu yangu yote ya enzi ile ni damu na chumvi. Uwanja ulipofungwa, watu walikuja kuaga. Wengine walilia, wengine walichukua viti vya kukumbukia. Walt alifungua kamba yetu ya kuanikia, akaizungushia mkononi, akaitia mfukoni.

Uwanja mpya haukuwa na paa. Kenya hilo ni jambo la kawaida, lakini Minnesota mwezi wa Aprili bado theluji haijaamua kuondoka, na tulianza kufua soksi za sufu na fulana za ndani za kila aina. Ila chini yalikuwa majani ya kweli. Wakubwa walikata utepe, walihutubu, picha mtaziona ukutani. Kwetu sisi sherehe ilikuwa pale kapu la kwanza liliposhuka. Walt alitoa suruali moja nyeupe yenye goti la kijani, akaishika kwa mikono miwili.

"Kerubo," akasema, "nusa."

Nikanusa. Ilinuka kama boma letu kule nyumbani baada ya ng'ombe kulala. Nilikuwa sijaenda Kenya miaka mingi, na nilisimama pale na suruali ya mtu mzima usoni nikaona machozi yananijia. Walt akajifanya anatafuta brashi. Doa la majani linataka spiriti kabla ya maji, mkumbuke hilo.

Sasa kisa ambacho kule kazini walikisimulia hadi siku nilipostaafu. Kulikuwa na mchezaji kijana kutoka visiwa vya Karibi, mwenye adabu, aliyenisalimia kila siku, mama yake yuko mbali. Wakati huo alikuwa akiupiga mpira kila mechi, hakosi, magazeti yameanza kuandika kwamba huenda akavunja rekodi ya timu. Fulana yake ya ndani ilikuwa ikining'inia peke yake kwenye msumari, imebandikwa kipande cha utepe mwekundu. Ilikuwa inanuka kiasi kwamba ungeisikia ukiwa nje ya mlango. Mimi nikawaza, mtoto wa watu huyu, wenzake wamemwona hana mama, wameacha nguo yake ivunde. Nikaifua. Niliifua kwa upendo, mara mbili, nikaikunja vizuri nikamwekea kabatini.

Kumbe utepe mwekundu ulikuwa na maana ya kwamba isiguswe. Mchezaji akiwa na bahati haifui, la sivyo bahati inatoka na maji. Siku ile hakuupiga mpira hata mara moja. Rekodi ikabaki na mwenyewe wa zamani, na huyo yupo ukutani mpaka leo, na ni mimi niliyemweka. Kijana alikuja chumba cha kufulia, fulana mkononi, uso umemshuka. Mimi tayari nilikuwa nafungua kinywa. Walt akanitangulia, akasema ni yeye aliyeifua, uzee umemchanganya. Kijana hakumsemesha Walt mpaka karibu msimu uishe.

Nilimuuliza kwa nini amejitwika. Akasema yeye hana haja ya kusalimiwa kila siku, lakini mimi ninayo. Ilikuwa kweli. Hakuna mtu katika nchi hii aliyekuwa amenitazama vizuri kiasi hicho. Nikaendelea kukunja taulo.

Baadaye tuliletewa Papa Dieudonné, mzee wa kanisa la Wakongomani, mtu wa Bukavu, mtanashati ajabu. Alikuja kufua akiwa amevaa tai. Yeye alikuwa na imani moja, kwamba nguo isiyopigwa pasi haijafuliwa. Siku moja tukiwa tumeenda kula, akazipiga pasi jezi za mazoezi za timu nzima, akaziwekea mstari mikononi kama mashati ya harusi. Namba za jezi za mazoezi hubandikwa kwa joto. Tuliporudi, namba zilikuwa zimehamia kwenye pasi.

"Maman," akaniambia, ametulia kabisa, akigusa shati lake, "mwanaume hawezi ingia mbele ya bantu na chemise yenye makunyanzi. Hata kama hana numéro."

Siku ile timu ilifanya mazoezi bila namba, na mistari ya mikono ilisimama wima. Walt aliitazama kazi ile kwa muda mrefu, akasema haijawahi kuonekana timu nadhifu namna hiyo ikikosa mpira.

Na kulikuwa na yule wa stika. Kila jambo kubwa lilipotokea, mchezaji amefikisha idadi fulani, au anaaga, alishuka bwana mmoja mwenye glavu nyeupe akaichukua jezi ikiwa chafu vile vile, akaibandika stika inayong'aa ya kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, akaipeleka kuwekwa kwenye kioo. Marufuku kufua. Udongo wake ubaki, jasho libaki. Mimi nilisema wazi kwamba huo ni wazimu. Mahali nilipokulia, ukimpenda mtu humwonyeshi wageni na nguo zake chafu. Papa Dieudonné aliniunga mkono, akaongeza kwamba angalau wangeipiga pasi. Walt, kila jezi ilipochukuliwa, alimfuata yule bwana kwa macho mpaka mlangoni.

Miaka ikaenda, na Walt akaanza kuchoka. Kwanza macho, akawa ananiuliza kama doa limetoka, yeye aliyekuwa anayaona madoa kabla hayajatokea. Kisha miguu. Kisha moyo. Hakuwa na mke tena wala mtoto, na mwishowe akapelekwa makao ya wazee kule Plymouth. Siku anaondoka aliacha kila kitu isipokuwa ile kamba ya kuanikia. Aliniambia niendelee na mazoezi ya soda, maana timu haitoi taarifa mapema.

Mungu hana haraka lakini ana mpango. Nyaboke, binti wa dada yangu, ndiye aliyekuwa akifanya kazi kwenye makao yale, ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Kumbe zile namba za kozi za kanisani kuna mtu mmoja wa ukoo wetu aliyezipigia. Mambo ya mgonjwa, Nyaboke hakuyatoa nje, kazi inamkataza. Lakini mwanzoni mwa Oktoba, tukiwa kwake tunasonga ugali, aliniambia kitu kimoja akiwa amenipa mgongo.

"Auntie, kama uko na plan ya kumwona Walt, usingoje Christmas."

Nikajua. Timu ilikuwa imeingia mechi za Oktoba tena. Nilichukua soda ya tangawizi nikafanya mazoezi peke yangu, na kwa mara ya kwanza niliomba juu ya besiboli. Niliomba kwa haya kidogo, nikamweleza Mungu kwamba siombi kwa ajili ya wachezaji, wana hela zao. Naomba kwa ajili ya mzee mmoja aliyelala Plymouth na redio sikioni.

Mechi ya kuamua ilichezwa mchana, jua likiwaka. Sisi wafuaji hatuoni mechi, tunaisikia kupitia dari. Mtu akikaa muda mrefu kule chini anajua kila sauti, ya mpira uliopigwa vizuri, ya watu waliokata tamaa. Nilikuwa nasikiliza na siki mkononi. Mwishoni palikuwa kimya, kisha dari likatetemeka mpaka sabuni ikaanguka kwenye rafu. Papa Dieudonné alivua tai. Nilikuwa sijawahi kumwona bila tai, na sikujua ana shingo ndefu hivyo.

Makapu yaliposhuka yalikuwa yanachuruzika. Harufu ilijaa chumba, tamu na kali, hainuki kama soda hata kidogo. Nilisimama pale nikawaza, kumbe ndiyo hii. Halafu nikafanya nilivyofunzwa. Maji baridi, siki, sabuni ya vyombo, moja moja, mpaka nyeupe ikawa nyeupe. Nililia nikifua, lakini nyuso zetu zote zilikuwa na maji kwa hiyo haikuonekana.

Chini ya kapu la mwisho kulikuwa na taulo dogo jeupe, limelowa kabisa. Nililitia sinki. Kisha nikalitoa. Nikalitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga. Meneja wetu alikuwa mlangoni, aliniona. Akauliza kama hilo nitalifua. Nikasema hapana. Akatazama saa yake, akaenda.

Kule Plymouth muda wa wageni ulikuwa umepita, kwa hiyo nilienda asubuhi. Gari langu lilinuka kama baa. Nyaboke alinipokea mlangoni, akasogea, akanusa, akatazama kushoto na kulia.

"Auntie, umelewa? Na uko kwa job yangu?"

Nikamwambia anipeleke kwa Walt, mengine atayajua huko. Alinitangulia kwenye korido akinisihi nisipumue karibu na nesi mkubwa.

Walt alikuwa amekonda, kichwa kwenye mto, redio bado sikioni ingawa ilikuwa imezimwa. Alifungua macho, nadhani aliona umbo tu. Sikumsalimu. Nilifungua mfuko, nikamwekea taulo karibu na uso.

"Mzee," nikasema, "nusa."

Akanusa. Alinusa kwa muda, macho amefumba, na kifua chake kikapanda na kushuka taratibu. Nyaboke alishika ukingo wa kitanda. Sijui Walt alikuwa wapi wakati ule, ila hakuwa Plymouth. Kisha akafumbua macho, akalipapasa taulo kwa kidole gumba, mahali ambapo sukari imeanza kukakamaa.

"Umelilaza," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Nilikufunza nini?"

Nikamwambia maji baridi, siku hiyo hiyo. Akamtaka Nyaboke alete beseni. Nyaboke, ambaye alikuwa na wagonjwa wengine wanamngoja, akaleta beseni, akaleta siki ya jikoni na sabuni ya vyombo, akalishikilia beseni juu ya blanketi. Mimi nikamkunjia Walt mikono ya pajama. Akalifua taulo mwenyewe, polepole, akipumzika, akiendelea, na sisi wawili hatukumsaidia kwa kuwa hakuna aliyethubutu. Alipochoka aliniuliza kama limetoka. Nililiinua dirishani. Lilikuwa na doa la manjano, pana kama kiganja.

"Halijatoka," nikasema. Hakuwahi kudanganywa kuhusu doa, na sikuwa mtu wa kuanza.

"Haliwezi kutoka," akasema. Alikuwa ameridhika kabisa. Akanielekeza kwenye droo, ile kamba ilikuwemo, na Nyaboke akaifunga bafuni kinyume cha kanuni zote za jengo lile. Tukalianika. Walt alilala akiwa amegeukia mlango wa bafuni, na wiki hiyo haikuisha kabla hajaenda kupumzika kama alivyokuwa amesema.

Taulo liko kwangu. Wageni wakija huniuliza kwa nini nimetundika kitambaa kichafu sebuleni, mimi niliyekuwa mfuaji, na Papa Dieudonné kila akipita huniomba angalau alipige pasi. Namkatalia. Kwa hiyo, wanangu, mkienda kazini shikeni mlichofunzwa. Udongo uache ukauke. Damu ni chumvi. Shampeni ni maji baridi, na iwe siku hiyo hiyo, isipokuwa kama kuna mtu ameingoja.